Koti la Shemeji

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, vuta kiti nikueleze upesi, kisha tuendelee, maana mambo yenyewe hayana subira.

Roselyn ni fundi wa cherehani kando ya soko la Homa Bay. Anashona sare za shule. Ametimiza miaka hamsini. Mumewe Elkanah, karani wa maji, alifariki miaka saba iliyopita, na wazee wa ukoo wakataka mjane arithiwe kama desturi ya Wajaluo inavyotaka. Roselyn akakataa katakata. Yeye ni mtu wa kanisa, akasema, na hakuna mwanaume atakayeingia chumbani kwake ati kwa sababu ya kaburi.

Wakavutana wee, mwisho wakakutana katikati. Simeon, mdogo wa marehemu, ambaye naye ni mzee wa kanisa, alileta koti lake jeusi, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, akatoka. Yeye akaenda kulala kwake na mkewe Filister. Koti likalala kwa Roselyn badala ya mtu. Asubuhi wazee wakasema mambo yamekwisha, mjane amerithiwa, wakala kuku wakaenda zao.

Koti likabaki pale pale. Simeon hakuja kulichukua, na Roselyn hakulipeleka.

Halafu, wiki jana, akaibuka Nashon. Nashon yule wa kuchimba dhahabu Macalder, aliyempenda Roselyn wakiwa vijana wasio na kitu. Roselyn alimwacha kwa hiari yake mwenyewe. Hakusukumwa na baba wala shangazi. Alimtazama karani, akaitazama ile baiskeli mpya ya karani, akachagua. Na amelijutia hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, ingawa Elkanah hakuwa mtu mbaya. Sasa huyo huyo Nashon akasimama kwenye mlango wa duka lake, mvi kichwani, akamwambia, "Njoo tuzeeke Karungu." Na jibu la Roselyn likawa, "Nyumbani kwangu kuna koti la mwanaume."

Tuliishia hapo. Kuna watu walinipigia simu kunitukana kwa kuishia hapo. Haya, tuendelee.

"Koti la nani?" Nashon aliuliza.

"La shemeji yangu."

"Na shemeji mwenyewe yuko wapi?"

"Kwake. Na mke wake."

Nashon alingoja aelezwe, na Roselyn akamweleza, mguu bado uko kwenye cherehani, macho kwenye pindo la sketi ya kijani. Alipomaliza aliinua kichwa akakuta mwanaume mzima amejishika mbavu, anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Kwa hivyo miaka saba umeolewa na koti," alisema.

"Cheka tu. Hukukaa nalo wewe."

Nashon akaacha kucheka. Alikuwa mtu mwepesi wa kuona alipokosea. Roselyn alikuwa amelisahau hilo, na kulikumbuka kulimuuma.

Usidhani koti ni kitu kidogo, ndugu msomaji. Huyu mama anaishi peke yake. Binti yake Mourine ameolewa Mombasa, hupiga simu Jumapili akauliza, "Mama, umekula?" na mtandao hukatika kabla jibu halijafika. Kila jioni Roselyn hurudi, hufungua mlango, na kitu chenye umbo la mtu ndani ya nyumba ile ni koti tu.

Mwaka wa kwanza alilipita akiangalia pembeni. Mwaka wa pili akaanza kulipangusa vumbi. Baadaye akawa analisemesha. Leo wateja wamekuwa wachache. Mvua imeharibu njia. Mgongo huu jamani. Siku moja alijikuta ameteleka chai ya watu wawili, akaketi jikoni akalia hadi ikapoa.

Na koti lenyewe lilikuwa na kifungo kimoja kilichopotea, pale kifuani. Yeye fundi, ana kopo zima la vifungo, angekishona kabla uji haujachemka. Hakukishona. Kumshonea mwanaume kifungo ni kazi ya mkewe, na Roselyn hakutaka mtu aseme.

"Sasa tunafanyaje?" Nashon aliuliza.

"Nikitoka na koti lingali pale, nitakuwa nimemtoroka mwanaume. Watasema nina waume wawili. Lazima Simeon mwenyewe aje alitoe."

"Basi muombe."

"Nitamwomba."

"Lini?"

"Nashon, mimi nimengoja miaka saba. Wewe huwezi kungoja hadi kesho?"

Kesho yake akaenda.

Simeon ana kinu cha posho kwenye barabara ya Rodi. Na hapa niruhusu nicheke kidogo, maana Nashon naye siku hizi ana mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Osiri. Mmoja anasaga mahindi, mwingine anasaga mawe. Huyu mama na wanaume wa kusaga.

Simeon alipomwona alizima mashine, kitu ambacho hamfanyii mtu yeyote, hata mchungaji. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakaguna.

"Nyar Kadem," alisema. Binti wa Kadem, ndivyo wanavyomwita ukweni, kwa jina la kwao. "Kuna shida?"

"Hakuna shida, shemeji. Nimekuja kuhusu koti."

Simeon alijifuta uso kwa kitambaa. Unga ukabaki kwenye nyusi.

"Limeliwa na nondo?"

"Hapana. Nataka uje ulichukue."

Mteja mmoja akagonga debe lake ukutani kumkumbusha kwamba watu wana njaa. Simeon hakugeuka.

"Kuna mtu?" aliuliza.

"Yuko."

"Wa wapi?"

"Karungu. Tulijuana kabla sijamjua ndugu yako."

"Ah." Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kisha mara nyingine tena. "Nitakuja Jumapili baada ya ibada. Nitamleta Filister, ili isionekane nimekuja kinyemela."

Roselyn alikuwa amekuja amejaa maneno. Usiku mzima alikuwa ameyapanga, ya kumjibu akikataa, ya kumjibu akipaza sauti, ya kumjibu akitaja wazee. Sasa hakuwa na pa kuyatua. Ndipo akauliza ambalo hakulipanga.

"Kwani kwa nini hukulichukua siku zote hizo, shemeji?"

"Hukuniambia nilichukue."

"Nilingoja uje."

"Na mimi nilingoja uniite," Simeon alisema, bila kumwangalia, kisha akawasha mashine, na kelele ikafunika kila kitu.

Amwite aje afanye nini? Aje achukue koti, au aje kwa lingine? Ningekuwa mimi ningeuliza hapo hapo, mashine au bila mashine. Roselyn hakuuliza. Alitoka nje moyo ukimwenda mbio, akajiambia ni jua.

Siku mbili alikuwa na furaha. Nasema furaha, ile ya kuimba ukipika. Alitoa masanduku chini ya kitanda, akapanga nguo za kwenda nazo na za kugawa. Alimwambia Mourine kwenye simu, na Mourine akapiga kigelegele kabla mtandao haujakatika. Halafu Nashon akapiga simu kutoka Osiri.

"Rose, kuna jambo moja dogo."

Mwanaume akianza na jambo dogo, wewe kaa chini kwanza. Roselyn akakaa.

"Nimetoka kwa mama sasa hivi. Nimemweleza yote. Amefurahi, hata ameuliza unapenda samaki wa mafuta au wa kuchoma. Halafu akauliza ulirithiwa na nani. Sikutaka kumficha. Nikamwambia ulirithiwa na koti."

"Akasemaje?"

"Akasema koti halilali na mtu."

Lazima nikueleze kuhusu Helen, mama Nashon. Ni mzee, miguu imechoka, akili iko timamu. Alizika wana wawili kwa mwaka mmoja. Mmoja wao alikuwa ameoa mjane ambaye hakuwa amerithiwa, akamwingiza bomani. Helen anaamini hadi leo kwamba hicho ndicho kilichowamaliza wanawe. Chira, wanaiita, laana ya mtu aliyevunja mwiko, inayomkausha hadi mifupa na kisha kumgeukia anayefuata. Unaweza kutabasamu ukitaka. Hukuwazika wewe.

"Anasema mjane aliyerithiwa na nguo bado ni wa kaburi," Nashon aliendelea. "Hawezi kupita kwenye lango lake. Akipita, anayefuata ni mimi."

"Na wewe unaamini?"

Mashine zilikuwa zikinguruma nyuma yake.

"Nimebaki mimi peke yangu kwake, Rose," alisema mwishowe.

Hilo lilikuwa jibu, na Roselyn alilielewa.

"Lakini iko njia," Nashon akasema haraka. "Mwambie mama kwamba Simeon alilala."

"Alilala wapi?"

"Kwako. Usiku mmoja tu. Miaka saba imepita, nani atachimbua? Neno moja na lango linafunguka. Mimi nitajua ni uongo, wewe utajua ni uongo, basi."

"Na Filister atajua nini?"

Nashon alianza kusema kitu, Roselyn akamkatiza.

"Nashon, nisikilize. Nilikataa ukoo mzima, na jeneza la mume wangu liko sebuleni. Waliniita mchawi. Waliniambia mahindi yangu hayataota. Kanisani wanawake walinisema, sokoni wakanisema, nikabaki na hicho kitu kimoja, kwamba nilisema hakuna atakayeingia na hakuna aliyeingia. Sina kingine cha kuonyesha kwa miaka yote hii. Sasa wewe unataka nikitupe?"

"Nataka tuwe pamoja."

"Kwa mdomo wangu halitatoka."

"Sasa tutafanyaje?"

Roselyn alishika paji la uso akafikiri, na alipopata wazo alifurahi nalo sana, maskini.

"Tutamwambia ukweli. Simeon ni mzee wa kanisa. Nitakuja naye na mke wake. Atasimama mbele ya mama yako aseme niliishi maisha safi, hata yeye hakunigusa, kisha aombe pale pale langoni. Mama yako si mtu wa kanisa?"

"Ni wa kanisa," Nashon alisema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hatarajii kitu.

Unaona alivyokosea? Roselyn alidhani usafi ni usafi, popote uupeleke. Kwa yule mama wa Karungu, usafi huo ndio uliokuwa uchafu wenyewe. Kila sifa ambayo Simeon angempa ingezidi kumfungia lango. Hakuliona, kwa sababu sifa hiyo aliishi nayo peke yake muda mrefu mno.

Akamtumia Simeon ujumbe: shemeji, Jumapili tutaenda pamoja hadi Karungu, mama ya mtu huyo anataka kumwona mwenye koti, utasema tu kile kilichotokea. Simeon akajibu: sawa. Kuhusu yale Nashon aliyomwomba aseme, Roselyn hakumwambia Simeon neno hata moja. Weka hilo akilini.

Jumapili wakaja, Simeon na Filister, kwa pikapu ya kubebea mahindi. Filister ni mwanamke wa utani, anayeweza kuchekesha matanga. Akaingia akimwita mama Mourine kwa Kijaluo, akisema, "Min Mourine, tumekuja kumchukua mume wako, mfungie nguo zake," na wote wakacheka, hata Simeon.

Lakini kile chumba cha kulala Filister hakuwa amekiona tangu mazishi. Alisimama mlangoni. Alitazama msumari, akatazama kitanda, akatazama hatua chache zilizoko katikati. Roselyn alimwona akipima, na akatamani kumwambia jambo, asijue ni lipi.

Simeon alilitoa koti msumarini akalivaa. Lilimbana mabega. Filister akamfungia vifungo kama mke anavyofanya, na alipofika kifuani vidole vyake vikasimama.

"Hapa kifungo kilikuwa hakipo," alisema.

"Nilikishona jana," Roselyn alisema. "Nisingeweza kurudisha koti bovu, mimi fundi."

"Ahaa."

Kutoka Homa Bay hadi Karungu, kupitia Ndhiwa, ni safari ya kutosha kwa mtu kusema utani mwingi. Filister alikaa katikati yao na hakusema utani wowote. Simeon aliendesha amevaa lile koti, jua kali, jasho linamtiririka, na alipoambiwa alivue alisema yuko sawa.

Nashon aliwapokea nje ya boma, karibu na mahali wanawake walikuwa wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu. Shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Roselyn alimwona akajisikia msichana, hata akaona aibu. Nashon akamsalimu Simeon kwa mikono miwili, akamwita kaka.

Viti vitatu vilikuwa vimepangwa nje ya lango. Ndani, hatua tatu hivi kutoka kwenye nguzo, Helen alikuwa ameketi kwenye kiti chake, shali mabegani, lango la mbao limefungwa kati yake na wao.

"Msione vibaya nikiwaketisha nje," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, tofauti na vile Roselyn alivyomwazia. "Si dharau. Ni woga."

"Tunaelewa, mama," Simeon alisema.

Helen akamtazama Roselyn kupitia nafasi za mbao, muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyemwacha mtoto wangu ukaenda na karani?"

"Ndiyo, mama."

"Hakula mwezi mzima. Nilimpikia kila kitu."

"Nilikosea, mama. Nimejuta miaka mingi, sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nikipika ugali wa karani, namfikiria yeye."

Nashon aliangalia chini. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.

"Vizuri," Helen alisema. "Mtu anayejua kujuta naweza kukaa naye. Nakupenda, sitakuficha. Hii nyumba imekuwa kimya sana." Akavuta shali. "Sasa nionyesheni mwenye koti."

Simeon akasimama.

"Wewe ndiye uliyemrithi mke wa ndugu yako?"

"Ni mimi, mama."

"Wanasema ulipeleka koti."

"Nilipeleka koti. Ndilo hili."

"Mimi nina swali moja tu, na ukinidanganya mtoto wangu atakufa, kwa hivyo usinidanganye. Lilikuwa koti tupu, ama ulikuwa ndani yake?"

Roselyn alimwitikia Simeon kwa kichwa, kumtia moyo. Sema tu kilichotokea. Simeon alimtazama. Katika miaka yote ya ushemeji, hakuwahi kumtazama hivyo, usoni, bila haraka. Kisha akalitazama lango, na yule mama nyuma yake, na mikono yake iliyokuwa imeikamata shali kwa nguvu.

"Nilikuwa ndani yake," alisema.

Nadhani hata Roselyn hakuelewa mara moja.

"Ulilala?" Helen aliuliza.

"Nililala. Watu walipotawanyika nilirudi. Sikumwambia mtu kwa sababu ya cheo changu kanisani. Huyu mama hana deni na kaburi. Kila kitu kilifanyika."

Uongo mtupu. Usiku ule Roselyn aliketi sakafuni hadi kukapambazuka, taa inawaka, kwa sababu aliliogopa koti. Hakuna mtu aliyerudi. Simeon alikuwa amemwona yule mama akisema woga, akaelewa kwa mara moja ambalo Roselyn hakulielewa wiki nzima, kwamba ukweli ungefunga lango. Na akalifungua kwa kitu alichokuwa nacho, ambacho ni jina lake, na mke wake akiwa ameketi hapo.

Kwa nini? Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya shemeji tu. Roselyn alilijua hilo pale pale, na lilimtisha kuliko uongo wenyewe.

"Mwanangu, umeniondolea mzigo," Helen alisema, machozi yanamtoka. Akainuka kwa fimbo. "Nashon, fungua."

Nashon akalivuta lango. Alilivuta polepole.

"Min Mourine." Alikuwa Filister. Hakupaza sauti. "Niambie wewe. Ni kweli?"

Akisema si kweli, lango linafungwa, na Simeon anakuwa mwongo aliyeapa juu ya uhai wa mtoto wa mwenzake. Akisema ni kweli, anamwua Filister. Akinyamaza, pia anamwua Filister, ila kwa adabu.

Roselyn alifungua mdomo, akaliona lango wazi, akaiona nyumba yake ya Homa Bay. Msumari. Sasa hata koti halimo. Atarudi, atafungua mlango, hakutakuwa na chochote cha kumsubiri, hadi siku watakapombeba kumtoa. Mimi simtetei. Nakuambia tu alichokiona.

Alinyamaza, akavuka.

Helen akamkamata kifundo cha mkono kwa vidole vikavu, vyenye nguvu. "Karibu nyumbani," alisema. "Karibu, karibu." Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amshike Roselyn namna hiyo, bila kutaka kupimwa kiuno cha sare. Alisikia machozi yanamjia, akageuka ili Nashon amwone.

Nashon hakuwa nyuma yake. Alikuwa bado nje, mkono mmoja kwenye ubao wa lango.

"Ingia," Roselyn alimwambia.

"Mimi nilikuomba useme wewe," Nashon alisema chini chini, midomo haichezi sana. "Ukakataa. Ukaniambia kwa mdomo wako halitatoka. Mimi sikuongea na huyu mtu. Wewe ulimwambia aseme?"

"Hapana."

"Basi amelitoa wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Amelitunga, Nashon, hakuna kitu, hakunigusa, ni koti tu. Lakini Helen alikuwa amemshika, sikio lake liko begani pake, na miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya boma. Kusema ukweli sasa ilikuwa ni kumwambia yule mama kwamba kile alichokiogopa kimeshaingia, na yeye ndiye aliyekifungulia.

Nje, pikapu iliwaka. Simeon alikuwa kwenye usukani, anatazama mbele. Filister hakukaa karibu naye. Alikuwa amepanda nyuma, mahali pa magunia, ameshika chuma kwa mikono miwili, anamtazama Roselyn.

"Rose," Nashon alisema. "Nijibu."

Helen alimgusa shavuni.

"Mjibu, mwanangu," alisema kwa upole. "Mbona unamnyamazia mumeo?"